Ahazia alikuwa na miaka 22 au 42? Na imani ifanye nini hapo?

Mleta mada: Wapendwa, tuliongelee hili bila kukwepa. 2 Wafalme 8:26 inasema Ahazia, mfalme wa Yuda, alianza kutawala akiwa na miaka 22. 2 Mambo ya Nyakati 22:2, katika Kiebrania, inasema 42. Rudi nyuma sura moja tu: baba yake, Yehoramu, alianza akiwa na miaka 32, akatawala miaka 8 (21:20). Kafa na 40, mwanawe akashika kiti. Kwa hesabu ya 42, mwana kamzidi baba miaka miwili. Mkristo akikiri kwamba hapo pana kosa, imani yake inabaki na nini?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, hilo ni kosa la wanakili. Tafsiri ya kale ya Kisiria ina 22 palepale. Mfalme Yehoyakini naye, umri alipoanza kutawala: 2 Wafalme 24:8 inampa miaka 18, 2 Mambo ya Nyakati 36:9 inampa 8, neno "kumi" limedondoka. Ila tahadhari. Wapo wanaofundisha kwamba herufi kafu (20) ilisomwa memu (40). Huenda, lakini nakala za Kiebrania tulizo nazo huandika hesabu hizi kwa maneno kamili, kwa hiyo usiitangaze mimbarani kama jambo lililothibitishwa. Hata Tamko la Chicago la 1978, linalotetea kwamba Biblia haina kosa, linasema uvuvio hasa ni wa maandishi ya asili.

Mchangiaji wa pili: Kwa Ahazia nakubali. Kwa Yuda Iskariote, wanakili hawana hatia. Mathayo 27: anarudisha fedha, anajinyonga, makuhani wananunua konde. Matendo 1:18, kitabu cha Luka: ananunua mwenyewe, anaanguka, anapasuka. Tunafundishwa kwamba kamba ilikatika. Haya, ikatike, bado wanunuzi ni wawili, na jina "Konde la Damu" lina sababu mbili, kwa Mathayo ni fedha, kwa Luka ni kifo chenyewe. Kamba iliyokatika haimo kwa Mathayo wala kwa Luka. Ukiiweka, unasoma kitabu cha tatu ulichokitunga wewe.

Mchangiaji wa tatu: Ndugu, la mnunuzi lina jibu. Fedha ilikuwa ya Yuda, makuhani walikataa kuitia kwenye hazina, hivyo ununuzi ukahesabiwa kuwa wake. Wasiwasi wangu ni mwingine: ukiruhusu mapokeo mawili hapa, utasimama wapi kwenye kaburi la Yesu, ambapo Marko ana kijana mmoja na Luka ana wanaume wawili?

Mchangiaji wa pili: Kumtaja mmoja si kumkana wa pili; huo ni ukimya tu. Ndiyo maana lazima tutenganishe kwanza: hili ni ukimya, hili ni kosa la kunakili, hili ni mgongano kweli. Na ufufuo hausimami juu ya idadi ya hao malaika wa kaburini. Katika 1 Wakorintho 15:3-8 Paulo anataja mashahidi, na anasema alichokabidhi ndicho alichopokea. Kinachowaangusha vijana ni kuambiwa kwenye mafundisho ya kipaimara kwamba kosa moja likionekana, yote ni uongo. Akikutana na ile 42 akiwa chuoni, anatii tu alichofundishwa.

Mleta mada: Basi pimeni na hili. Daudi alimlipa Arauna, mwenye uwanja wa kupuria nafaka, shekeli 50 za fedha (2 Samweli 24:24). 1 Mambo ya Nyakati 21:25 inasema shekeli 600 za dhahabu. Wengi hujibu kwamba 50 ni za uwanja wa kupuria na ng'ombe, 600 ni za eneo zima. Hapo tunasoma ukimya, au tunafunga kamba nyingine?