Kivumbasi: nipande kwa mbegu au kwa vipandikizi?

Bustani_Kopo: Wakuu, nataka kivumbasi kile chenye harufu ya karafuu. Majani niweke kwenye chai na supu, maua yavute nyuki wanichavushie matango na maboga. Kuna mbegu, kuna vipandikizi, na jirani anasema niachane nacho nipande mrehani. Mnashauri kipi?

Mboji_Tupu: Mrehani ni mtamu, sibishi. Ila ukishachanua na kukomaza mbegu, kwa kawaida ndiyo mwisho wake, unaotesha upya. Kivumbasi (Ocimum gratissimum) ni mzaliwa wa Afrika, shina lake la chini hukomaa likawa gumu kama mti, na kikikolea kinaweza kupita mita 2. Mimi ni kivumbasi.

Nyuki_wa_Jioni: Vipandikizi, na sababu ni harufu. Vivumbasi havifanani ndani. Kuna vyenye yujenoli nyingi, ile ile iliyomo kwenye karafuu, na kuna vyenye thimoli, hivyo vinanukia kidawa-dawa. Nyuki akitoka huku akaingia kule, mbegu inakuwa mchanganyiko na mche unaweza usimfuate mama yake. Kipandikizi ni mmea ule ule. Fikicha jani, nusa, tafuna kidogo, ukiridhika ndipo ukate.

Mzee_Jembe: Kweli, lakini mbegu msizidharau. Mtu anayetaka ua mrefu wa kuzungushia bustani atapata wapi vipandikizi vyote hivyo? Changanya mbegu na mchanga mkavu, sambaza juu ya kitalu, gandamiza kwa kiganja, usifukie. Miche ikipata nguvu, fikicha mmoja mmoja. Usiokupendeza, ng'oa.

Bustani_Kopo: Shikamoo mzee, nimekupata. Sasa kipandikizi nakata vipi?

Nyuki_wa_Jioni: Tawi lisilo na maua, lisiwe laini sana wala gumu sana. Sm 10 hadi 15, kata chini kidogo ya kifundo. Toa majani ya chini, ya juu yakiwa makubwa yakate nusu yasipoteze maji. Chomeka kwenye mchanga wenye mboji, kivulini, pawe na unyevu lakini maji yasituame. Baada ya wiki 2 au 3 kivute taratibu: kikigoma, kimeshika mizizi.

Dada_Majani: Mmesahau kitu. Tawi likianza kutoa mashuke, majani yake yanakuwa madogo na makali, kwa hiyo ukitaka ya kula na ya nyuki lazima ugawe. Mimi napogoa upande mmoja, mwingine nauacha uchanue. Ukimaliza kuchanua naufyeka, zamu inahamia upande wa pili. Maua yenyewe ni madogo, yamepauka, hata picha hayapendezi. Lakini jua la asubuhi likishapanda, mvumo unausikia kabla hujafika kwenye kichaka.

Mboji_Tupu: Na dawa ya wadudu usipulize kabisa. Wewe unakula hapo, nyuki naye anakula hapo.

Bustani_Kopo: Asante dada. Kwenye kopo kitakubali?

Mzee_Jembe: Marahaba kijana. Kitakubali, kopo likiwa kubwa na lina matundu chini, ila usitegemee kichaka. Ardhini kipe nafasi ya mita 1, penye jua. Na kwenye birika anza na majani mawili matatu, yana nguvu hayo.

Bustani_Kopo: Basi nakata vipandikizi, na mbegu kidogo pembeni nione zitatoka na harufu gani.