Naombeni ushauri: michezo ya video itawaleta watoto maktabani, au itawaleta kucheza tu?

Mkutubi wa Watoto

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mkutubi katika maktaba ya umma, na dawati langu ni la sehemu ya watoto. Kwa muda mrefu sasa sehemu hii hujaa wakati wa mitihani tu: watoto huja kutafuta meza na utulivu, humaliza kazi za shule, kisha huondoka bila hata kutupia rafu jicho. Siku nyingine viti hubaki vitupu. Uongozi umekubali kutoa chumba kidogo kilichokuwa stoo ya magazeti ya zamani, na umeniagiza niandike pendekezo la kuweka humo michezo ya video ili watoto wavutike kuja na hatimaye wasome.

Mwenzangu kazini amependekeza utaratibu ambao kwa haraka unaonekana wa haki: mtoto asome kitabu, aeleze alichosoma, ndipo apewe nusu saa ya kucheza. Mimi nasita, ingawa siwezi kueleza vizuri kwa nini. Je, utaratibu huo unafaa? Tuanze na michezo gani, ikizingatiwa kwamba tuna kompyuta chache zilizozeeka na hatuna fungu la kununua mashine mpya? Na wale wanaokuja kusoma kimya tutawalindaje dhidi ya kelele?

Msomaji Mkongwe

Ndugu mleta mada, niwie radhi nikianza kwa kupinga. Maktaba ni miongoni mwa sehemu chache zilizobaki ambako mtoto havutwi na skrini kila upande. Ukimwita kwa mchezo atakuja kwa mchezo, na siku mashine ikiharibika hutamwona tena. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa michezo ya video katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022. Iweje sisi ndio tuufungulie mlango? Nguvu hizo zielekezwe kwenye saa ya hadithi na vitabu vipya, maana vitabu vilivyochakaa ndivyo vinavyowafukuza watoto.

Mkutubi Mstaafu

Mzee mwenzangu, kuhusu vitabu vilivyochakaa nakuunga mkono kwa mikono miwili. Lakini uraibu unaoelezwa na shirika hilo ni wa mtu aliyeshindwa kujizuia, anayeutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine na kuendelea nao licha ya madhara, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu angalau miezi 12. Mtoto anayecheza kwa zamu, nusu saa, mbele ya mtu mzima, hayumo katika maelezo hayo. Wala jambo lenyewe si geni: mwaka 2008 Chama cha Maktaba cha Marekani kilianzisha siku maalumu ya michezo maktabani, ya video na ya mezani, ambayo baadaye ilipanuka kuwa ya kimataifa. Nayo Ilani ya Maktaba za Umma ya mwaka 1994, ya UNESCO na IFLA, yaani shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, inataja kuamsha ubunifu wa watoto kuwa jukumu la maktaba, sambamba na kujenga mazoea ya kusoma tangu utotoni.

Sasa nije kwenye utaratibu uliopendekezwa na mwenzako, kwa sababu hapo ndipo pendekezo lako litasimama au kuanguka. Usiukubali. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake wawili walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti iwapo wangechora, wengine walipewa cheti bila ya kuahidiwa, na wengine hawakupewa chochote. Baadaye, watoto wote walipoachwa wachague wenyewe la kufanya, walioahidiwa ndio waliopungukiwa na hamu ya kuchora. Mtoto anayesoma ili alipwe nusu saa ya mchezo anafundishwa kwamba kusoma ni sulubu na mchezo ndio ujira wake. Isitoshe, wale wasiosoma vizuri, ambao ndio hasa unaowatafuta, watabaki mlangoni wakiwatazama wasomaji hodari wakicheza. Na hata watakaosoma watachagua kitabu chembamba kuliko vyote. Nimewahi kuwaona wakipita kwenye rafu wakipima unene kwa vidole viwili, wala jina la kitabu hawalitazami.

Mchezo uwe wa bure kama kitabu kilivyo cha bure. Kazi ya kumtoa mtoto kwenye skrini na kumfikisha kwenye rafu ni yako wewe mkutubi, na huwezi kuikabidhi kwa kanuni iliyobandikwa ukutani.

Mwalimu wa Lugha

Naungana na Mkutubi Mstaafu, nami nioneshe jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Watoto wanaocheza Minecraft, mchezo wa kuchimba na kujenga kwa vitalu, husoma na kukokotoa kuliko tunavyodhani, ila si yale tuliyowapangia. Katika mchezo huo, anayetaka kuzipa zana zake nguvu za ajabu hujenga meza maalumu, na meza hiyo haifikii uwezo wake kamili mpaka izungukwe na rafu 15 za vitabu. Kila rafu huhitaji vitabu 3 na mbao 6. Kila kitabu, karatasi 3 na ngozi 1. Na karatasi zenyewe hutokana na miwa. Kwa hiyo mtoto aliyefika hapo ameshapiga hesabu ya vitabu 45 na karatasi 135 bila kuamrishwa na mtu. Meza yenyewe hujengwa kwa kitabu, almasi na obsidiani, jiwe jeusi la volkano. Basi weka kando ya kompyuta kitabu kinachoeleza jinsi karatasi zinavyotengenezwa, kingine cha madini, na kingine cha majengo ya kale, vyote vikiwa vimefunuliwa kwenye kurasa zenye picha, na usiseme neno. Atakayeuliza ndiye umwoneshe vilipotoka vingine.

Weka pia daftari kubwa ambamo watoto watawaandikia wageni maelekezo ya mchezo. Nilimfundisha mtoto ambaye insha ya nusu ukurasa ilikuwa ikimtoa jasho. Katika daftari la namna hiyo alijaza kurasa akieleza jinsi ya kuvuka mto wa lava, kisha akabishana na mwenzake kwamba "ruka" haitoshi, lazima iandikwe "ruka ukiwa unakimbia". Ubishi wa aina hiyo darasani siupati kwa urahisi.

Fundi wa Kompyuta

Kuhusu mashine zilizozeeka, msihofu. GCompris ni mkusanyiko wa bure wa shughuli zaidi ya 100 za watoto wa miaka 2 hadi 10, na Tux Paint ni ya kuchora. Zote mbili hufanya kazi bila intaneti. SuperTuxKart ni mashindano ya magari ambamo wachezaji kadhaa hutumia skrini moja, lakini ijaribuni kwanza, maana kompyuta iliyochoka sana itaikwamisha. Badala ya Minecraft, ambayo hulipiwa, ipo Luanti, iliyojulikana kama Minetest hadi mwaka 2024. Watoto wakubwa kidogo wapeni Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007, ili watengeneze michezo yao wenyewe.

Nimetaja programu huria kwa makusudi. Michezo ya kununua mara nyingi huja na masharti ya matumizi binafsi, na kuiweka kwenye chumba cha umma ni jambo la kusoma masharti hayo kwanza, au kuiandikia kampuni husika. Mkinunua, angalieni alama ya umri kwenye kasha: mfumo wa Ulaya wa PEGI hutumia 3, 7, 12, 16 na 18. Mazungumzo na watu wa nje kupitia mchezo yafungwe kabisa.

Mama wa Wawili

Mimi nasema kama mzazi. Kama hakuna orodha ya zamu, vijana wakubwa watazikalia pedi za kuchezea tangu mlango unapofunguliwa, na wasichana watasimama nyuma yao wakitazama mpaka wachoke waende zao. Orodha ishikwe na mtu mzima, na kila zamu iwe ya wawili wawili. Visikilizi vitumike kwa anayecheza peke yake. Wanaocheza pamoja waachwe wazungumze. Kwa ajili ya kelele, pangeni saa maalumu na kuzibandika mlango mkuu, ili anayetaka ukimya ajue aje lini.

Msomaji Mkongwe

Hoja ya kutofanya kusoma kuwa malipo imeniingia. Hata hivyo bado nasimamia jambo moja: chumba hicho kisifunguliwe siku ambayo hakuna mkutubi wa kukaa ndani yake.

Mkutubi wa Watoto

Nawashukuru sana, hasa wewe mzee wangu Msomaji Mkongwe, na sharti lako nitaliandika kama lilivyo. Limebaki swali moja. Uongozi utataka kuona matokeo kwa tarakimu. Nihesabu nini?

Mkutubi Mstaafu

Idadi ya wanaoingia chumbani itapanda haraka, na peke yake haitakuambia lolote. Hesabu kadi mpya za uanachama za watoto, vitabu vinavyoazimwa kutoka sehemu yako, hasa vile ulivyoviweka kando ya kompyuta, na watoto wanaokuja katika siku zisizo na michezo. Takwimu za uazimaji za miezi iliyopita zichukue sasa, kabla hata hujaandika pendekezo, maana chumba kikishafunguliwa hutakuwa na cha kulinganisha nacho.