MJADALA: Filamu ya kijasusi ikipindisha historia, tuseme ni burudani tu?

Wakuu, juzi nimeirudia The King's Man (2021) ya Matthew Vaughn, filamu ya majasusi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, inayotajwa kugharimu karibu dola milioni 100, nikaudhika kuliko mara ya kwanza. Jamaa zangu wananiambia, "Hiyo ni burudani, acha kuchambua." Nakataa.

Historia ilikuwa imeshawapikia kila kitu. Januari 1917 waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, Zimmermann, alituma telegramu ya siri: Mexico iungane nao dhidi ya Marekani, itapata Texas, New Mexico na Arizona. Wafumbuaji wa misimbo wa Uingereza, wa kitengo cha siri kilichoitwa Chumba Namba 40, wakainasa. Tatizo ni kwamba ilipita kwenye njia ya kidiplomasia ya Wamarekani wenyewe! Utamwonyeshaje Rais Wilson bila kujifichua kwamba unadukiza mawasiliano yake? Wakatafuta nakala nyingine ofisi ya telegrafu kule Mexico, ionekane imevujia huko. Halafu Zimmermann mwenyewe akakiri hadharani kuwa ni yake. Jamani, mnataka ujasusi gani tena? Filamu imeigusa telegramu hiyo juu juu, ikatuletea Wilson anayetishwa kwa mkanda wa faragha akiwa na Mata Hari, yule mcheza dansi aliyetuhumiwa ujasusi.

Pale walipofanya vizuri nasema. Lile pambano la visu usiku, katikati ya mahandaki, watu wanauana kimya kimya kwa sababu kelele kidogo tu ingeamsha bunduki za pande zote mbili: chai yangu ilipoa mkononi. Na Tom Hollander kuwaigiza Mfalme George wa Uingereza, Kaiser wa Ujerumani na Tsar wa Urusi peke yake ni wazo zuri, maana kweli walikuwa ndugu.

Kinachoniuma ni kwamba vita nzima anatwishwa Mskoti mmoja mwenye kinyongo na Uingereza, kajificha mlimani na mbuzi wake, ndiye anayewatuma akina Rasputin, yule mshauri wa kiroho wa familia ya Tsar, na Princip, aliyemuua mrithi wa kiti cha enzi cha Austria. Madola yanatoka safi. Vita ile ilifika kwetu. Wapagazi walikamatwa vijijini wakabebeshwa mizigo ya jeshi, wakafa kwa njaa na kuhara. Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps. Waliowachukua ni serikali, zenye majina na bendera.

Sasa anayesema ni burudani tu anijibu: utamu gani ungepungua kama wangeifuata telegramu ile hadi mwisho?