Majirani wa Kansanga: duka linalopokea mbwa

*Ijumaa jioni*

Mama Tendo: Majirani habari za jioni. Jamani naomba msaada. Leo mbwa wangu Simba kachomoa shingo kwenye ule mkanda wake pale getini akatoka mbio mpaka barabara ya Ggaba, taksi ikafunga breki chupuchupu, konda akatukana wee. Mpaka sasa mikono inanitetemeka. Nani anajua pahali wanauza mikanda ya mbwa ya maana, siyo hii tunanunua kwa watu wanaotembeza kwenye foleni

Musa Boda: Pole sana mama. Mimi nilikuwa steji nikamwona anakuja. Ni mimi na yule kijana wa chapati tulimzuia, akasimama mwenyewe akaanza kulia kama mtoto

Mama Tendo: Musa ni wewe?? Mungu akubariki, nilichanganyikiwa hata asante sikusema. Kesho pitia nyumbani tafadhali

Mama Furaha: Ooh Simba pole 😢 Dada mshukuru Mungu kwanza

Baba Rehema: Mama Tendo pole. Nenda kwa lile duka jipya ukipanda kilima, lile lenye ukuta wa kijani karibu na fundi magodoro. Mimi nilienda tena Jumamosi iliyopita na Tiger wangu. Kwanza wanakuruhusu kuingia na mbwa, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kwenda pale, maana kila duka la Kampala nimewahi kwenda ukitokea na mbwa askari anakufukuza toka getini, unamfunga kwa nguzo juani unanunua kitu kwa kukisia, unafika nyumbani hakimtoshi na hawarudishi pesa. Hapa yule dada alichukua tepu ya fundi cherehani akapiga magoti chini akampima Tiger kifua, akamvalisha mikanda mitatu mmoja mmoja, tukatembea naye humo ndani mpaka tukaona upi haumkwaruzi. Kuna na bakuli la maji mlangoni. Na vitu vyao vyote wanatengeneza kwa vitu vilivyotumika, mikanda ya magari yaliyogongwa, tyubu za malori, jinzi za mitumba za soko la Owino, magunia ya kahawa

Mama Tendo: Vitu vilivyotumika si ndo vitakatika tena Baba Rehema. Mimi nataka kitu kipya kigumu

Baba Rehema: Hapana mama, subiri Afande aongee, hayo ndo mambo yake

Hajat Zaituni: Assalam aleikum majirani. Mama Tendo pole mwanangu. Nauliza, hao mbwa wanaingia ndani kabisa pale watu wanaposimama? Mimi nina Kali wangu wa ulinzi anahitaji kamba, ila mate ya mbwa yakinigusa nguo lazima nioshe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kwa mtu wa umri wangu ni kazi

Baba Rehema: Hajat shikamoo. Ndiyo wanaingia, ila wana kibaraza mbele. Nilimwona mzee mmoja wa kanzu amekaa pale kwenye benchi, wakamletea vitu nje akachagua akalipa akaenda, hakuna mbwa alimsogelea

Hajat Zaituni: Marahaba. Hiyo ni heshima nzuri. Nimefurahi kusikia

Hajat Zaituni: Na chanjo je? Mbwa kumi mahali pamoja na watoto wetu

Baba Rehema: Wanauliza kadi mlangoni. Mimi yangu nilisahau nikarudi na boda kuichukua, nilikasirika kidogo lakini baadaye nikaona wako sawa

Afande mstaafu: Jioni njema wote. Nilikuwa kwenye sala nimesoma sasa. Mama Tendo sikiliza. Kile kilichotokea si kosa la Simba wala si kosa lako. Hawa mbwa wetu wa kienyeji kichwa chembamba shingo nene. Akiogopa anarudi kinyumenyume, mkanda wa shingoni unapita masikioni umetoka. Nilifanya kazi na mbwa polisi miaka mingi nimeona hiyo mara nyingi mno. Kwa Simba unataka ule wa kifuani, unaopita mbele ya kifua na nyuma ya miguu ya mbele. Upimwe pale mbavu ni pana zaidi. Ukishafunga, vidole viwili vipite chini yake kwa taabu kidogo. Vikipita vitatu atachomoka, kisipopita hata kimoja utamchubua kwapa.

Kuhusu vilivyotumika. Mkanda wa gari umefumwa ushike mtu mzima gari likigonga, mbwa wa kilo 20 hawezi kuukata kwa kuvuta. Usiangalie kitambaa, angalia USHONAJI na KLIPU. Uzi uende na kurudi, ushonwe kama boksi lenye msalaba katikati. Ukiona mstari mmoja tu mnyoofu, usinunue. Klipu za plastiki zikikaa sana juani zinakuwa kama biskuti. Na pete anayofungiwa kamba iwe ya chuma iliyochomelewa, siyo waya uliokunjwa, ule ukivutwa unafunguka. Na mkanda wa gari wenyewe uwe haujafifia rangi, jua likishaukausha nguvu zake zinakwisha hata kama unaonekana mzima

Mama Tendo: Afande asante sana. Nimepiga picha ya ujumbe wako kabisa

Musa Boda: Hiyo ya tyubu mimi naweza shuhudia. Mipira tunafungia mizigo kwa boda ni tyubu tu tumekata, mimi nafunga mkungu wa matoke na jeri mbili za maji juu yake mpaka Bunga na haikatiki. Kuna mtu anapita steji kila Jumatatu ananunua tyubu zetu zilizochoka, zamani tulikuwa tunazichoma asubuhi kuota moto, moshi mweusi mpaka kwa nyumba za watu. Sasa hatuchomi tena

Ivan wa chumba 4: Kumbe ndo maana ule moshi umeisha

Ivan wa chumba 4: Mimi hiyo ndo inanigusa zaidi wakubwa zangu. Toka lile jalala la taka la Kiteezi liporomoke ile Agosti 2024 likazika watu zaidi ya 30 wamelala majumbani mwao, mimi nikitupa kitu nafikiria kinaenda kulala wapi na juu ya nani. Rafiki yangu alikuwa anapanga karibu na pale. Nikiona jinzi ya zamani imekuwa blanketi ya mbwa najua ni kitu kimoja hakijaongezwa kwa ule mlima

Hajat Zaituni: Mungu awarehemu wale wote. Yale yalikuwa makubwa

Mama Furaha: Amina

Mama Furaha: Sasa mimi niseme yangu na siyo nzuri yote, mnisamehe. Mimi nilinunua pale kitu cha kuchezea cha Bobi, kile kama kamba wamesuka kwa tyubu, 8,000. Siku mbili tu Bobi amekata vipande amemeza. Akaanza kutapika, ugali hataki, mukene (dagaa) hataki, na mnajua Bobi na mukene. Usiku mzima nimekaa naye chini kwa simenti namshika tumbo. Daktari wa mifugo akaja asubuhi akampapasa akasema tungoje kidogo, tukiona tumbo linavimba itabidi kupasua. Nililia jamani. Siku ya tatu ikatoka yenyewe, vipande vitano nilihesabu. Nikarudi kwa duka na vile vipande kwenye kavera la plastiki, kijana aliyekuwepo akaniambia mama mbwa wako ndo anatafuna sana. Hiyo iliniumiza kuliko hata ile 8,000

Baba Rehema: Mama Furaha hukutuambia!

Mama Furaha: Nilikuwa na hasira. Lakini ngoja nimalize maana haki ni haki. Kesho yake mwenye duka alipiga simu mwenyewe, aliomba msamaha kwa lile neno, akataka kujua Bobi ana kilo ngapi na kile kitu kilikatika wapi. Alirudisha pesa na akatoa vile vyote kwenye meza, nilipopita baadaye nikaona havipo. Bobi bado anavaa mkanda wake wa pale wa bluu, huu ni mwezi wa saba tangu niununue, haujaharibika. Kwa hiyo mkanda nunueni, cha kuchezea cha mpira HAPANA

Afande mstaafu: Pole sana Mama Furaha, na umefanya vizuri kusema. Nyongeza: na vile vya tairi lenyewe msiwape pia. Ndani ya tairi kuna nyuzi za chuma, mnaziona kwenye lugabire, vile viatu vya tairi, zikichakaa zinachoma mguu. Zikimwingia mbwa kwenye ufizi au tumboni ni hatari. Mpe kamba nene ya nguo iliyofungwa mafundo, na umwangalie akicheza, ikianza kutoa nyuzi unaitoa

Ivan wa chumba 4: Na godoro lao nani ananunua? Bei ni 60,000 nimeona pale mlangoni

Baba Rehema: Nilichukua la gunia la kahawa, ndani wamejaza vipande vya nguo. Zuri, Tiger analipenda, lakini mvua za mwezi wa nne lilinyonya maji pale barazani halikukauka wiki nzima likanuka nyumba yote mke wangu akatutoa nje mimi na godoro na mbwa. Sasa wana lenye zipu, unatoa vya ndani unaanika peke yake. Chukua hilo. Wakikupa lisilo na zipu kataa

Ivan wa chumba 4: Kale ssebo, nimeelewa

Hajat Zaituni: Turudi kwa chanjo kidogo maana mimi haijanitoka. Simba leo angemwuma mtu kwa hofu? Watoto wa hii njia wanapita hapo wakitoka shule

Mama Tendo: Hajat ana kadi, alichomwa mwezi wa pili. Nitaileta hapa kila mtu aione

Hajat Zaituni: Sisemi kwa ubaya mwanangu. Kijijini kwetu Bombo nikiwa msichana jirani yetu aliumwa na mbwa akafunga jeraha kwa kitambaa akaenda kulima. Nilimwona mwisho wake, anaogopa maji. Hakuna kitu cha kumsaidia kilikuwepo

Afande mstaafu: Na hata leo kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Ndo maana ni kabla. Akikuuma mbwa yeyote, hata wa jirani unayemjua: maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, angalia saa, siyo kukisia. Halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Usipake majivu wala pilipili. Na mbwa anachomwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka

Musa Boda: Dakika 15 ni nyingi lakini

Afande mstaafu: Ni nyingi. Fanya zote

*Jumamosi mchana*

Mama Tendo: Majirani nimetoka huko sasa hivi, nimekaa kwa ngazi hapa nje napumzika. Tulienda na Tendo na Simba, Musa akatubeba mpaka pale chini halafu tukatembea maana Simba kwa boda hataki. Nilichelewa kutoka, lami ilikuwa inawaka, nikaweka mgongo wa mkono chini nikashindwa kuvumilia, tukapita kwa nyasi. Dukani Simba alijificha chini ya meza mwanzoni akitetemeka. Yule dada hakumvuta, alikaa chini mbali kidogo akatupa kipande cha nyama akageukia upande mwingine, dakika kumi hivi, mpaka Simba akatoka mwenyewe akamnusa mkono. Mimi machozi yalinitoka, yaani tangu nimwokote Simba kule mtaroni hakuna mtu zaidi yetu amewahi kumngoja

Mama Furaha: Bambi 😢

Mama Tendo: Tulichukua mkanda wa kifuani mwekundu, ni wa gari kweli, 35,000, na kamba ya tyubu 20,000. Wa kwanza walionipa niliukataa, ushonaji ulikuwa mstari mmoja kama Afande alivyosema, nikawaonyesha, yule dada akaangalia akasema kweli akaupeleka nyuma kwa fundi. Wa pili una boksi na msalaba. Vidole viwili vinapita kwa taabu. Nilimvuta kinyumenyume mara tatu mle ndani, HAKUCHOMOKA

Afande mstaafu: Safi sana. Wiki ya kwanza mwangalie kwapa kila jioni, kama ngozi imekuwa nyekundu legeza tundu moja. Na hapo hapo utafute kupe, wanapenda kujificha chini ya mkanda

Mama Tendo: Sawa Afande. Na wanapokea jinzi kuukuu, ukileta tatu wanakupunguzia 5,000. Tendo ameshaanza kukusanya, msishangae akigonga kwenu

Baba Rehema: Aje, mimi nina mbili zilizopasuka magotini

Ivan wa chumba 4: Nina moja

Hajat Zaituni: Mama Tendo, wewe umeshajua kupima. Kesho baada ya alasiri uje na tepu unipimie Kali kifua, mimi nitamshika mnyororo kwa mbali. Nitakupa pesa uniletee kama huo wa Simba, lakini usiwe mwekundu, uwe mweusi, yule ni wa ulinzi

Mama Tendo: Nitakuja Hajat. Kali ananijua?

Hajat Zaituni: Anakujua. Njoo na mukene kidogo tu