Kumpeleka mama baharini: Nyali kwenye hoteli ya zamani, Pirates au Shelly?

MwanaWaVoi
Hamjambo wenyeji wa Mombasa. Mama anakuja kutoka Voi, ana miaka 71, magoti yanamsumbua na hajawahi kukanyaga bahari. Jumapili nitampeleka pamoja na wanangu watatu. Moyo wangu uko Nyali, ufuo ule wa Nyali Beach Hotel, kwa sababu marehemu baba alikuwa mtunza bustani huko na mama aliishia kuhadithiwa tu. Mume wangu anasema Pirates, jirani anasema Shelly. Nishaurini.

MzeeWaKongowea
Mwanangu, hoteli hiyo ilifunguliwa 1946. Enzi hizo ukitoka kisiwani ulivuka daraja la kuelea. Hili la sasa ni la 1980. Mchanga wa Nyali ni mweupe na laini, na hakuna kusukumana. Msiogope kukaa mbele ya hoteli: Ibara ya 62 ya Katiba inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kazi ni kufika hapo. Vijia vya kuteremkia ni vyembamba, katikati ya kuta, na mchanga wake unazamisha mguu. Mama ashikwe mkono.

FatmaBamburi
Mimi nasema Pirates, yaani Jomo Kenyatta Public Beach. Matatu ya Mtwapa inakushusha barabarani, unatembea kidogo umefika. Watoto watapata tyubu na ngamia, na mihogo ya kukaanga inapasuliwa katikati mbele yako, inakamuliwa ndimu, inanyunyiziwa pilipili. Lakini Jumapili watu ni wengi mno. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alitupotea karibu nusu saa, nikazunguka nikilia. Tangu siku hiyo nawavisha fulana za rangi moja. Fikeni kabla ya saa tatu.

Likoni_Damu
Shelly ni kwetu Likoni, ng'ambo ya feri, na napapenda, ila kwa magoti hayo sikushauri. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, lakini ule mteremko na msongamano wa watu utamchosha kabla hajaiona bahari.

MvuviWaNyali
Dada, mmetaja mahali, hamjataja maji. Anzeni na mwezi.

Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Hapa kwetu maji ya bamvua hupwa mpaka mwisho kama saa nne asubuhi na hujaa kama saa kumi alasiri. Mkienda asubuhi mtakuta bahari iko mbali huko, katikati ni mawe, majani na wale wadudu wa baharini wenye miiba myeusi. Watu hutembea kuelekea mwambani wakifurahia, halafu maji yanarudi na kujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yao. Nimewahi kumbeba kijana mgongoni kwa sababu hiyo. Na yakijaa alasiri, Nyali yanapiga mpaka ukutani, hapabaki pa kutandika leso.

Mwezi nusu ni maji mafu. Hayaendi mbali wala hayapandi sana, na hujaa asubuhi, saa nne au saa tano. Jumapili yako inaangukia hapo. Mama atakuwa na mchanga wa kukaa, na maji yatakuwa karibu, yametulia. Siku nyingine ningekutuma Pirates, kwenye nafasi na waokoaji. Jumapili hii nenda Nyali. Wavishe wote viatu vya plastiki.

FatmaBamburi
Hapo nimekubali. Bebeni chakula na maji ya kunywa basi, Nyali wachuuzi ni wachache.

MwanaWaVoi
Tumerudi, ahsanteni sana. Tulifika saa tatu na nusu. Kile kijia kilitusumbua kweli, tulisimama mara mbili mama apumzike. Maji yalikuwa kama alivyosema Mvuvi. Mama aliketi pale mawimbi yanapoishia, kanga imelowa mpaka kiunoni, akachovya kidole akaonja, akatema, akaonja tena. Kisha akauliza bustani ilikuwa upande gani. Tukamwonyesha minazi iliyo ndani ya ukuta, akaitazama muda mrefu bila kusema.

Wakati wa kuondoka alitoa chupa ya lita moja kwenye mkoba, akamtuma mjukuu amjazie maji ya bahari. Anasema ni ya kukanda magoti Voi.

MvuviWaNyali
Mwambie akija tena aje na mtungi. Kijiani nitamshika mkono mimi.