Wanawake 300 karibu wote wamejibu "nakubali sana", data zangu nizifanyeje?

Shukuru_N
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana kichwa kinauma na supavaiza anataka chapta ya nne mwisho wa mwezi. Nasoma masters ya utawala wa umma, utafiti wangu ni kuhusu ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, mimi nimechukua upande wa wanawake tu. Kichwa cha utafiti ni mchango wa mikopo hiyo katika kuinua biashara ndogo. Orodha niliyopewa ina wanawake 1,200 waliokopa kabla mikopo haijasimamishwa Aprili 2023, nikapiga fomula ya Yamane, ile ya kutafuta idadi ya watu wa kuwahoji, kwa kosa la 0.05 ikaja 300 kamili, nikachapisha madodoso, nikazunguka kata sita wiki tatu na jua lote lile.

Sasa nimeingiza kwenye SPSS, ile programu ya takwimu, nakuta karibu kila mtu kajibu 4 au 5, yaani nakubali au nakubali sana. Mkopo umeongeza kipato changu, nakubali sana. Marejesho hayanisumbui, nakubali sana. Kuna mama nilimkuta genge lake limefungwa, tenga la nyanya limegeuzwa juu chini ndo kalikalia, na yeye nakubali sana mwanzo mwisho. Nilipomaliza akanishika mkono akasema taratibu, "mwanangu andika vizuri hapo, ili awamu nyingine watukumbuke." Nimeondoka pale sina raha kabisa.

Rafiki yangu ananiambia niende kwa kijana mmoja wa stationari anarekebisha data zinakaa vizuri, mi sitaki, wale mama wameacha biashara zao kunisikiliza. Ila sijui njia nyingine. Niongeze sampuli? Au niandike tu kwamba mikopo imefanikiwa?

Mbinu_za_Utafiti
Pole dada, na umefanya vizuri kukataa hiyo ya stationari, usiirudie hata kwa mawazo.

Kuongeza sampuli hakutakusaidia, ukiuliza watu 600 kwa namna ile ile utapata nakubali sana 600. Yamane anakwambia idadi tu, hakwambii kama orodha uliyopewa ndo yenyewe wala kama mtu amekuwa huru kusema. Nahisi pia kwenye chapta ya tatu umeandika kipimo cha Cronbach kimezidi 0.7 ukaona umemaliza, wanafunzi wangu wengi wanaishia hapo. Kile kinaonyesha maswali yako yanakwenda pamoja, basi. Watu wote wakikuficha kitu kwa mpangilio mmoja bado kinaweza kupanda vizuri tu.

Tatizo la pili ni hilo neno mchango. Ili useme mkopo umeinua biashara lazima ujue ingekuwaje bila mkopo, na wewe umeuliza waliokopa peke yao. Wenzetu walishapita huku, pale Hyderabad India wachumi kina Banerjee na Duflo walichukua mitaa 104, nusu yake ikafunguliwa huduma ya mikopo midogo kwanza nusu ikasubiri, kisha wakalinganisha. Biashara zilizokuwepo zilipanuka kidogo, ila matumizi ya kaya kwa ujumla hayakupanda vile watu walivyotarajia. Mwaka 2015 matokeo hayo yalitoka pamoja na ya nchi nyingine tano, Ethiopia ikiwemo, na picha haikutofautiana sana.

Hela ya kufanya hivyo huna najua, lakini una kitu ambacho hujakiona. Mikopo ilivyosimamishwa 2023 lazima kuna vikundi vilikuwa vimeshajaza fomu, vimeshakaguliwa, vinasubiri tu hela, bomba likafungwa. Hao ndo wa kulinganisha nao, walitaka mkopo, walikuwa na sifa, hawakupata. Tafuta hata 60.

Bi_Maendeleo
Mdogo wangu nimekuwa afisa maendeleo ya jamii ngazi ya kata miaka 11, ngoja nikwambie na mimi maana hapa pananiuma.

Kwanza ulienda na nani? Nina uhakika ulipelekwa na mtendaji wa mtaa au mtu wa ofisini kwetu, umeshika barua yenye muhuri wa mkurugenzi. Mama akiona muhuri anaona halmashauri, na halmashauri ndo inamdai na ndo atakayoiomba tena. Unategemea akwambie marejesho yanamtesa? Atakuwa anajichongea.

Pili hiyo orodha. Mwanafunzi akija ofisini tunampa vikundi ambavyo simu zinapokelewa, siyo kwa ubaya, ni kwa sababu ndo vinapatikana. Vilivyovunjika mwenyekiti kahama, mhazini hapokei simu, nani atampeleka mwanafunzi huko? Kwa hiyo umeongea na waliobaki tu mdogo wangu. Waliozama hawamo kwenye hao 1,200, wako kwenye daftari la zamani la wadaiwa.

Tatu, achana na nakubali sikubali, omba kuona leja ya kikundi. Niliwahi kushika leja ya kikundi kimoja cha akina mama kumi waliopewa milioni 5, kwenye andiko walisema watafuga kuku pamoja. Kurasa mbili za kwanza zimejaa, majina, sahihi, mtu asiyejua kuandika kaweka dole gumba. Ukurasa wa tatu majina yanapungua, wa nne limebaki jina moja tu, la mhazini, kalipa miezi minne mfululizo peke yake kwa ajili ya wote. Banda halikujengwa, hela ikitoka tu waligawana laki tano tano kila mtu akaenda na lake. Nilipomuuliza yule mhazini anatoa wapi hela akanyamaza muda mrefu, halafu akasema kausha damu. Yaani mkopo wa serikali usio na riba unalipwa kwa mkopo wa mtaani wa riba ya kila wiki, na kwenye ripoti yetu kikundi kile kilihesabika kinarejesha vizuri!

Hilo dodoso lako haliwezi kulikamata kwa sababu hakuna swali linalouliza hela ya marejesho ilitoka wapi. Liulize hilo. Na uliza vitu vya kuhesabika, jana umeuza shilingi ngapi, mtaji wa leo asubuhi ulikuwa kiasi gani, mara ya mwisho kulipa ulilipa na nani.

OtienoKsm
Kutoka Kisumu hapa. Mimi nilifanya yangu juu ya hela za Uwezo, ule mfuko wa mikopo wa serikali ya Kenya, nikatembea na mzee wa mtaa siku nne, kila mama akaniambia mambo iko sawa. Siku ya tano mzee alikuwa matangani, nikaenda peke yangu, nikakaa na mama wa omena kutoka asubuhi nikimsaidia kupima na gorogoro, dodoso iko kwa begi. Kufika saa nane alikuwa ameniambia vile chama chao kilivunjika na nani alikula hela. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, nilimwonyesha na ridhaa nikaomba, sikumficha kitu, nilibadilisha tu mtu wa kutembea naye na haraka yangu.

Hao 300 usitupe lakini. Ziweke na useme wazi zilipatikana vipi, halafu ongeza mahojiano kama 20 hivi ya kukaa chini. Hiyo tofauti kati ya kile walijaza na kile wanasema ndiyo chapta yako.

Shukuru_N
Nimesoma zote mara mbili, asanteni sana jamani. Bi Maendeleo ni kweli, nilizungushwa na mtendaji siku zote za mwanzo na alikuwa anasimama pembeni wakati najaza. Hata sikulifikiria.

Swali moja tu, hawa wa daftari la wadaiwa nikiwapata halafu ofisi ikaniomba majina na walipo sasa nafanyaje? Ofisi ndo imenipa kibali cha utafiti.

Mbinu_za_Utafiti
Hutoi. Kwenye fomu ya ridhaa umewaahidi siri, na ahadi hiyo haina kipengele cha halmashauri. Tumia namba badala ya majina tangu siku ya kwanza, karatasi yenye majina iache chuoni kwa supavaiza, usitembee nayo. Ofisi wape matokeo.

Bi_Maendeleo
Na simu yako usihifadhi namba zao kwa majina ya vikundi.

Shukuru_N
Sawa, nimeelewa. Supavaiza kakubali nibadili kichwa, sasa kinasema uzoefu wa wanawake katika kurejesha mikopo, kaniongezea wiki sita. Leo nimepita ofisi ya kata, karani kalitoa daftari la zamani chini ya kabati, jalada limeliwa na mchwa ila ndani panasomeka, nimehesabu vikundi 41 ambavyo kwenye orodha yangu havipo. Kesho naanza na kile cha karibu, wanasema mwenyekiti wake siku hizi anakaanga mihogo stendi. Naenda peke yangu, kwa daladala.