Re: Gemu ya kijana inakatika kila jioni, kampuni inasema intaneti iko sawa

Mama Idrisa, Columbus, Ohio

Assalam aleikum na habari za wikendi wanajumuiya. Naomba msaada wa wataalamu maana hapa kwangu hakulaliki. Kijana ana PS5, anacheza EA FC na wenzake, na ikifika saa mbili usiku gemu inaanza kuganda, mchezaji anakimbia halafu anarudishwa nyuma, mwisho inamtoa kabisa na anahesabiwa kafungwa. Kelele zake majirani wote wanazijua. Kastama kea kila nikipiga wananiambia zima rauta, subiri, washa, halafu wanapima huko kwao wanasema mama spidi yako ni megabiti 300 kamili, kila kitu kiko sawa, labda uchukue kifurushi cha giga moja. Yaani niongeze hela kwa kitu ambacho wao wenyewe wamesema hakina tatizo! Intaneti ni ile inayopita kwenye kebo ya TV, siyo faiba. Rauta iko sebuleni, chumba chake kiko juu, tunatumia waifai. Baba yake suluhisho lake ni kuuza PS. Nisaidieni kabla sijafika huko.

Baba Kulthum, Minneapolis

Waaleikum salaam dada. Hiyo giga usiilipe kwanza. Wale wa kwenye simu wanapima spidi, na ugonjwa wa kijana siyo spidi. Gemu ikishaanza inakula data kidogo sana, mara nyingi haifiki hata megabiti moja kwa sekunde, bando la simu linaiweza. Inachotaka ni data ifike kwa wakati na ifike yote. Pingi, yaani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, ikiwa milisekunde 30 au 40 kijana hatasikia kitu. Ikianza kuyumba, mara 25, mara 180, mara 30, ndo hapo mchezaji anarudishwa nyuma. Na data ikipotelea njiani kabisa ndo anatolewa. Giga moja haigusi hata kimoja kati ya hivyo, ni kuongeza leni kwenye barabara kuu wakati foleni iko getini kwako.

Kazi ya kwanza ni kujua tatizo liko ndani ya nyumba au nje, ukipiga simu bila kujua hilo watakuzungusha mpaka uchoke. Chukua laptop ya Windows, ipeleke chumbani kwa kijana, iwe kwenye waifai ile ile. Fungua lile dirisha jeusi la cmd, andika ipconfig, tafuta mstari wa Default Gateway, hiyo ndo namba ya rauta yako, nyingi ni 192.168.1.1 au 10.0.0.1. Halafu andika ping -t na hiyo namba. Fungua dirisha la pili andika ping -t 8.8.8.8, hiyo ni seva ya Google. Acha yote mawili yaende huku kijana anacheza hiyo saa mbili yake. Gemu ikiganda tu, angalia: dirisha la rauta likiruka kutoka 2 kwenda 200, au likiandika Request timed out, yaani data haikurudi, hapo ni waifai yenu na kampuni mtaionea bure. Dirisha la rauta likibaki 2, 3, 2 na la Google ndo linaruka, basi waifai haina kosa, shida inaanzia kwenye modemu, kile kiboksi kinachopokea kebo ya kampuni, kwenda nje.

Ikiwa ni waifai, muhamishe kijana atoke kwenye 2.4GHz aende 5GHz. Ile 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na jioni majirani wote wamerudi wamejazana humo humo, na maikrowevu nayo iko humo. Ila dawa ya kweli ni waya. Najua hutaki kutoboa nyumba ya watu, lakini kama kuna tundu la kebo ya TV chumbani kwa kijana, tafuta vidude vinaitwa MoCA, unaweka kimoja karibu na rauta kimoja juu, intaneti inapita kwenye waya ule ule wa TV. Mimi ndo natumia nyumbani na sijatoboa kitu. Vile vibusta vya bei rahisi vya kuchomeka ukutani achana navyo kwa gemu, vinapokea waifai na kuirudisha hewani hiyo hiyo, pingi inapanda.

Na uliza pia, saa mbili nani mwingine anatumia intaneti? Hii ya kebo inashusha haraka lakini kupandisha ni kidogo, mtu ana 300 ya kushusha na 10 tu ya kupandisha. Jioni simu zote zimerudi nyumbani zinapandisha picha na video iCloud na Google Photos, wewe uko kwenye WhatsApp video na bibi Tanga, ile 10 inajaa. Ikijaa modemu inaanza kupanga data foleni, basi data ya kijana inasubiri nyuma ya video za harusi. Wenye fani wanaita bafabloti. Tovuti ya Waveform ina kipimo chake, bure, inakupa gredi kama shule, ukipata D au F ujue ndo hiyo. Rauta yenye SQM, yaani uwezo wa kupanga foleni ya data, inatibu, unaiwekea kikomo chini kidogo ya spidi yako halisi, kwenye asilimia 85 au 90, foleni inahamia kwenye rauta na rauta inajua kuigawa. Spidi utapoteza kidogo, kijana hatajua.

Anko, Houston

Mimi swali langu ni moja, huyo kijana anasoma saa ngapi 😂

Natania dada. Ila Baba Kulthum niulize na langu. Nilinunua rauta yangu nzuri tu ya pesa nyingi, nikaichomeka kwenye lile boksi la kampuni, waifai ikapendeza nyumba nzima, lakini Xbox inaandika Double NAT Detected na watoto hawawezi kuingia pamoja kwenye gemu moja. Ni nini hiyo?

Baba Kulthum, Minneapolis

NAT ni ile kazi ya rauta kuweka mashine zote za nyumbani nyuma ya anwani moja. Anko una rauta mbili zinazofanya kazi hiyo moja, kila moja inataka kugawa anwani. Ingia kwenye boksi la kampuni uliweke bridge mode, libaki modemu tu. Kama halikubali, basi rauta yako ndo uiweke iwe access point, yaani igawe waifai tu. Kisha hakikisha UPnP, ile inayofungulia gemu njia zake yenyewe, imewashwa kwenye ile moja iliyobaki, halafu Xbox zote uzizime kabisa, ushike kitufe mpaka zife, uziwashe upya zikaombe porti zao, yaani milango ya data. Pima kwenye Settings, General, Network settings, Test NAT type. Ikisema Open umemaliza.

Kijana wa Portland, Maine

Shikamooni wakubwa. Mimi naongezea kwa wale wenye ile intaneti ya 5G, kiboksi unakiweka dirishani, maana najua wengi humu wameichukua kwa sababu ya bei na hakuna mkataba, hata sisi. PS yangu ilikuwa inaandika NAT Type 3, ile iliyobana kuliko zote, gemu inaingia fresh lakini kwenye party siwasikii washkaji, wengine wananisikia wengine hapana. Video zote za YouTube zinasema fungua porti. Kwa sisi wa 5G hiyo haisaidii, kampuni nyingi zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, inaitwa CGNAT, kwahiyo mlango wa kufungua uko kwao siyo kwako. Kujua ni rahisi, ingia kwenye rauta uangalie anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje, ikianza na 100 na namba inayofuata iko kati ya 64 na 127, umo humo. Ikiwa haifanani na ile unayoiona ukiuliza Google IP yako ni ipi, vilevile ujue kuna kitu katikati.

Tulichofanya, tulipiga tukaomba IP ya peke yetu, wakasema ni ya wateja wa biashara tu. Kuna VPN zinazouza anwani yenye porti wazi, zinafanya kazi ila pingi inaongezeka na mnalipa mara mbili. Mimi kama gemu ndo kitu cha maana nyumbani na faiba ipo mtaani kwenu chukueni faiba. Kiboksi cha 5G kwa Netflix na simu za nyumbani hakina shida kabisa.

Dada wa Dortmund

Huku Ujerumani ugonjwa ni huo huo jina ndo tofauti, wateja wa intaneti ya kebo wengi wamewekwa kwenye DS-Lite, yaani anwani ya IPv4, ile ya kizamani ambayo gemu nyingi bado zinaitumia, mnashea na wengine. Piga simu uwaambie unataka Dual Stack, yaani upate na IPv4 yako mwenyewe, litaje hivyo hivyo kwa jina, usieleze habari ndefu za gemu. Mimi nilieleza habari za gemu nikaambiwa ninunue rauta mpya, mume wangu alipiga akataja Dual Stack kwa Kijerumani chake cha kazini wakabadilisha bila malipo. Kuna kampuni zinatoza, inategemea. Na rauta si lazima ya kwao, tangu Agosti 2016 sheria inakuruhusu kutumia yako.

Halafu wale wanaosikia kwamba tangu Desemba 2021 unaweza kupunguza malipo, ni kweli, unapima kwa programu ya Bundesnetzagentur, mamlaka ya mitandao ya huku, vipimo 30 kwa siku tatu tofauti, kompyuta iwe kwenye waya. Lakini inapima spidi! Ukiwa na spidi kamili na pingi mbovu hiyo haikusaidii kitu, mjue mapema msipoteze jioni zenu.

Anko, Houston

Ahsante Baba Kulthum, imekubali, Open zote mbili, nyumba imetulia. Sasa wamehamia kwenye lingine, wanataka kucheza na binamu zao Mombasa na huko ndo balaa, binamu analalamika Wamarekani wanamfunga kwa mtandao. Kuna dawa?

Baba Kulthum, Minneapolis

Hilo ni la Mungu anko, dunia ni kubwa. Data kwenye faiba inakwenda kama kilomita laki mbili kwa sekunde, kila kilomita mia ni milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Kutoka huku mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita elfu 12, hata waya ungenyooka kama rula huwezi kushuka chini ya 120, na haunyooki, unavuka Atlantiki uende Ulaya, upite Bahari ya Shamu, ndo uteremke pwani yetu. 200 na kitu ni kawaida. Na mkongo ukikatika hali ni mbaya zaidi, mnakumbuka Mei 2024 ile mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilivyokatika pamoja kule kusini, nyumbani hata WhatsApp ilikuwa ya shida. Wachague seva ya Ulaya ikiwa gemu inaruhusu, hapo maumivu wanagawana nusu kwa nusu na binamu hataonewa. Au wacheze gemu za zamu kwa zamu, chesi, karata, hizo pingi haina neno.

Mama Idrisa, Columbus, Ohio

Nimerudi na majibu. Madirisha mawili nimeyafungua kama ulivyosema, kijana mwenyewe ndo alikaa ananihesabia. La rauta halikutikisika, 3, 4, 3. La Google lilipoganda gemu likaandika Request timed out mistari imefuatana, halafu 340, halafu likatulia. Tukazima simu zote na bibi tukamuaga, bado. Gredi ya Waveform ni B. Kwahiyo nimeelewa ni nje, sivyo? Halafu baba yake, aliyekuwa anauza PS, akaenda nyuma ya TV kufuata waya, akakuta kisplita, kile cha kugawa waya wa kebo, cha zamani kimeachwa na waliokuwa wanaishi hapa, kina midomo mitatu, mmoja haujafungwa na kitu, na kichwa cha waya wa modemu kinazunguka kwa vidole. Amekaza. Imepungua lakini haijaisha.

Baba Kulthum, Minneapolis

Mpe hongera shemeji, kichwa kikilegea kelele za hewani zinaingia kwenye waya. Kama TV haitumii hiyo kebo, kitoeni hicho kisplita kabisa, waya wa ukutani uingie moja kwa moja kwenye modemu.

Kisha fungua kwenye brauza 192.168.100.1, modemu nyingi za kebo zina ukurasa wao hapo, kama imeungana na rauta boksi moja utaukuta ndani ya rauta. Tafuta safu ya Uncorrectables, hizo ni data zilizoharibika zisitengenezeke. Piga picha, rudi baada ya saa moja, piga tena. Zikiwa zinaongezeka kwa maelfu huku kijana anatolewa, umewashika. Angalia na Upstream Power, ikipita 50 modemu inajikaza sana kufika kwao. Na kwenye Event Log, orodha ya matukio ya modemu, neno T3 time-out likijirudia maana yake modemu imeita na kampuni haikuitika. Zote hizo picha.

Sasa ukipiga simu usiseme gemu, wala usiseme intaneti iko polepole, watapima spidi wakufungie kesi. Sema: I have packet loss on a wired connection and uncorrectables on my modem, I need a line technician. Yaani data inapotea hata kwa waya, modemu inaonyesha data zilizoharibika, nataka fundi wa laini. Kwahiyo kabla ya kupiga chomeka laptop kwa waya kwenye rauta ping zako zirudie hivyo hivyo, wasije wakasema ni waifai. Tangu 2024 kila kampuni lazima iweke hadharani karatasi ya huduma yake na ndani kuna mstari wa Typical Latency, yaani pingi ya kawaida, uwe nayo mkononi. Wakikuzungusha, andika malalamiko FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, mtandaoni, ni bure, kampuni inapelekewa na ina siku 30 za kukujibu, na mara nyingi anayekupigia siyo yule wa kastama kea wa kawaida.

Omba fundi aje jioni, siyo asubuhi. Asubuhi waya utakuwa mzima atakuambia hakuna kitu. Na akija aanzie nje kwenye boksi la ukutani, achomeke kipimo chake hapo kwanza, hapo nje pakiwa pabovu ni juu yao na hawakutozi.

Mama Idrisa, Columbus, Ohio

Wamekubali kumleta Alhamisi saa kumi na moja jioni. Kijana ameshaandika kile Kiingereza kwenye karatasi amekibandika kwenye friji.